Vita viko mbali ila bei iko dukani kwako: namna ya kujipanga mapema

Vita vikianza huko duniani kila mtu anakimbilia kuangalia nani kapiga nani na nani anaelekea kushinda. Sawa, roho za watu zinapotea huko, lazima tufuatilie. Ila wewe mwenye duka Kariakoo, au unaeagiza mabelo ya mitumba kutoka Uingereza, au unaeuza mbolea Mbarali, habari za uwanja wa vita hazikupi bei ya mwezi ujao. Bei inakuja kwako kupitia maamuzi ya watu waliokaa maofisini mbali kabisa na risasi, yani kampuni ya bima imepandisha malipo, kampuni ya meli imebadili njia, serikali fulani imezuia ngano isitoke, benki kuu ya Marekani imepandisha riba. Na maamuzi mengi ya hivo yanatangazwa hadharani wiki kadhaa kabla hayajaingia kwenye invoisi yako, kwahiyo anaejua pa kuangalia anapata muda wa kujipanga na asiejua anapewa bei mpya siku anapokwenda kulipa. Mi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, nitaeleza jinsi ya kufuata hayo maamuzi na nini cha kufanya na hela yako.

Chora njia ya mzigo wako kwanza

Chukua karatasi. Andika mzigo unapakiwa bandari gani, unashushwa na kupakiwa meli nyingine wapi njiani, unapita mlango bahari upi, unalipa kwa hela gani kupitia benki gani, na bima kakata nani. Wengi hawajawahi kuandika hivi, wanajua tu "mzigo unatoka China". Ukishaandika utaona vita gani vinakugusa moja kwa moja na vipi vinakuja kwa kuzunguka.

Mfano mitumba ya Ulaya, ngano ya Bahari Nyeusi, mashine za Ujerumani na Italia, zote njia yake ya kawaida ni Mfereji wa Suez, Bahari ya Shamu, alafu Bab el-Mandeb, ule mlango bahari wa pembeni ya Yemen, ndo zinaingia Bahari ya Hindi kuja Mombasa, Tanga au Dar. Parachichi za Njombe na Murang'a zinapanda Ulaya kwa njia hiyohiyo. Sasa tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, waliteka meli ya kubeba magari inaitwa Galaxy Leader, na katikati ya Desemba kampuni kubwa za makontena, Maersk, MSC, Hapag-Lloyd na CMA CGM, zikasitisha kupita pale moja baada ya nyingine. Meli za Asia kwenda Ulaya zikaanza kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, kama siku 10 mpaka 14 za ziada. Kwa spea za magari siku 14 ni kero. Kwa parachichi ni hasara kamili, tunda linafika limeshaanza kulainika na mnunuzi wa Rotterdam anakata bei au anakataa kontena zima.

Anaeagiza kutoka China yeye akajisemea hapo mi simo, manake meli ya kutoka Ningbo kuja Dar haipiti Yemen hata kidogo. Hapo ndo wengi walipokamatwa. Meli duniani ni zilezile, ukirefusha safari ya Asia kwenda Ulaya kwa wiki mbili unahitaji meli nyingi zaidi kubeba mzigo uleule, kwahiyo kampuni zinavuta meli kutoka njia nyingine, na makontena matupu yanachelewa kurudi China, na anaeagiza kuja Afrika Mashariki anajikuta anagombania nafasi na mtu wa Hamburg mwenye hela kuliko yeye. Faharasa ya Drewry, kampuni ya utafiti wa biashara ya meli, inayopima wastani wa frait, yani nauli ya meli, ya kontena la futi 40 kwenye njia kubwa za dunia ilikuwa kama dola 1,400 mwishoni mwa Novemba 2023, mwishoni mwa Januari 2024 ikawa karibu dola 4,000, na Julai 2024 ikakaribia 6,000. Hiyo faharasa inatoka kila Alhamisi, na ya Shanghai inatoka kila Ijumaa, zote unazisoma bure kwenye simu. Ukiona zimepanda wiki tatu mfululizo usisubiri ejenti akupigie, piga wewe.

Kwa wanaochukua mzigo Dubai karatasi yako iwe na mstari mmoja zaidi. Jebel Ali iko ndani ya Ghuba, meli lazima ipite mlango bahari wa Hormuz kutoka. Fujairah na Khor Fakkan ziko nje ya Hormuz, na Sohar na Salalah za Oman pia ziko nje. Siku Hormuz ikichafuka tofauti ya ndani na nje ndo inaamua kama mzigo wako unatoka au unakaa, kwahiyo muulize mtu wako wa Deira kule Dubai mapema, kabla ya shida, kama anaweza kukupakilia Khor Fakkan au kukupitishia kwa barabara mpaka Sohar na kwa bei gani. Ukiuliza shida ikishaanza na wenzako wote wanauliza.

Soma kotesheni mstari kwa mstari

Hapa nakaa kidogo manake ndo hela inapopotelea. Kotesheni ya ejenti, yani karatasi ya bei anayokupa kabla ya kusafirisha, haina bei moja, ina mistari. Kuna frait yenyewe, kuna nyongeza ya mafuta ya meli, kuna nyongeza ya msimu wa mzigo mwingi, na vita vikianza unaona mstari mpya, nyongeza ya hatari ya vita au nyongeza ya dharura, na chini kabisa kwa maandishi madogo kuna tarehe ya mwisho wa ile bei na maneno kwamba nyongeza zitatozwa kama zitakavyokuwa siku ya kupakia. Hayo maneno ya mwisho ndo ya kuyasoma mara mbili. Yanamaanisha bei uliyopewa leo inakulinda kwenye frait tu, nyongeza ikiongezeka kesho inakuhusu. Kipindi cha amani kotesheni inakaa mwezi, kipindi cha vita inakaa wiki au chini ya hapo. Muombe ejenti akuandikie nyongeza ipi imefungwa na ipi iko wazi, na kama imeandikwa kwa kontena au kwa BL, yani kwa kila hati ya mzigo, manake mtu mwenye CBM tatu, yani mita za ujazo tatu, kwenye kontena la kuchangia anaweza kubebeshwa zaidi ya sehemu yake.

Alafu kuna kitu ambacho wafanyabiashara wadogo wengi hawakihesabu. Ushuru wa forodha huku kwetu unakokotolewa kwenye thamani ya CIF, yani bei ya mzigo ukijumlisha bima na frait. Frait ikipanda, ushuru unapanda nayo japo mzigo ni uleule na bei ya kiwandani haijagusika. Tuseme frait ya kontena lako imetoka dola 2,000 ikawa 4,500, imeongezeka 2,500. Kama bidhaa yako iko kwenye ushuru wa asilimia 25, hapo unaongeza 625. Alafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla, 3,125, ni 562 na nusu. Kwahiyo 2,500 ya meli imekuwa kama 3,690 mfukoni mwako, na hapo sijaweka zile tozo nyingine ndogondogo. Mwenye VAT atairudisha kwenye marejesho, ila kwanza aitoe, na kwa asiesajiliwa imeenda moja kwa moja. Ukipanga bei ya dukani kwa kuongeza ile 2,500 tu umeuza chini ya gharama na hutajua mpaka unapotaka kuagiza tena na hela haitoshi.

Swali la FOB (muuzaji anaishia kupakia melini, meli na bima unalipa wewe) au CIF (muuzaji analipa meli na bima) nalo linabadilika kipindi hiki. Siku za kawaida watu wanapenda CIF kwa sababu muuzaji anahangaika na meli mwenyewe. Vita vikianza, CIF uliyoifunga kabla ya bei kupanda ni dhahabu, ishikilie na hakikisha profoma inasema wazi kwamba nyongeza zote ni za muuzaji. Ila CIF mpya ndani ya vita mi naiogopa, manake muuzaji atachukua meli ya bei rahisi inayozunguka bandari nyingi na bima ya bei ya chini kabisa, na madhara yote yanakuja kwako. Hapo bora FOB na ejenti wako unaemjua.

Bima, na kile ambacho bima yako haikigusi

Wenye meli wanalipa bima ya ziada ya vita kila wanapoingia eneo la hatari, na maeneo hayo yanaorodheshwa na kamati moja iko London, Joint War Committee. Wakiongeza eneo kwenye orodha bei inaanza kupanda palepale. Mwanzoni mwa 2024 malipo ya Bahari ya Shamu yalifika asilimia 0.7 mpaka 1 ya thamani ya meli kwa safari moja, wakati kabla ya hapo yalikuwa sehemu ndogo sana ya asilimia. Meli ya dola milioni 100 ukiipiga asilimia 0.7 ni dola 700,000 za kupita tu, na lazima zigawanywe kwenye makontena. Ndo maana ukitaka kujua kama hatari ni ya kweli angalia bima kabla ya kusikiliza wachambuzi wa kwenye TV, manake wale wa bima wanaweka hela yao.

Kwa upande wa mzigo wako, fungua mkataba wako wa bima sasa hivi uusome. Bima ya kawaida ya mzigo wa baharini, hata ile wanayoita ya hatari zote, haijumuishi vita. Vita vinakatiwa kipengele chake pembeni kwa malipo kidogo juu, na mara nyingi unakipata kwa urahisi kabla ya shida, baada ya shida wanaweza kukifuta kwa notisi ya siku saba tu. Na hata ukiwa nacho, kinalinda mzigo ukiwa ndani ya meli, ukishashushwa kimeisha, na usiposhushwa kinakatika siku 15 baada ya meli kufika bandari ya mwisho. Mzigo ukiwa godauni au juu ya lori kuelekea Lubumbashi hicho kipengele hakiuhusu.

Jambo lingine ni hasara ya pamoja. Meli ikipigwa na nahodha akatumia gharama kuiokoa, au mzigo wa watu ukatupwa baharini ili meli isizame, sheria za bahari zinasema wenye mizigo wote wanachangia, hata wewe ambae kontena lako halijakwaruzwa. Bila bima unaambiwa uweke dhamana ya hela taslimu ndo uachiwe mzigo. Tunaongelea kitu kinachotokea kweli, meli ya Rubymar ilipigwa Februari 2024 ikiwa na tani kama 21,000 za mbolea na tarehe 2 Machi ikazama na mbolea yote.

Mafuta yana kalenda, itumie

Hii ni fupi. EWURA, wasimamizi wa nishati wa Tanzania, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, wenzao wa Kenya EPRA wanatangaza tarehe 14. Bei ya leo pampu inabeba bei ya dunia ya mwezi mmoja mpaka miwili nyuma, manake mafuta yanaagizwa kwa pamoja, yanasafiri, yanashushwa, ndo yanauzwa. Kwahiyo vita vikipandisha Brent, yani bei ya mafuta ghafi ya soko la dunia kwa pipa, leo unao muda kabla nauli ya lori haijapanda, na huo muda ndo wa kusafirisha mzigo wa mikoani ulioko stoo. Mwaka 2022 Brent iligusa karibu dola 139 tarehe 7 Machi, siku chache tu baada ya Urusi kuingia Ukraine tarehe 24 Februari, ila sisi tuliumia zaidi Mei mpaka Agosti, na serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Mwenye lori aliefunga bei ya nauli na wateja wake Aprili kwa mkataba wa mwaka mzima bila kipengele cha mafuta alipata tabu sana. Weka kipengele, dizeli ikipanda zaidi ya kiwango fulani nauli inapitiwa upya, na ikishuka hivohivo, mteja mwenye akili atakubali.

Ngano, mafuta ya kula, mbolea: wanaoumiza ni wanaofunga mipaka

Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zinauza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa nje duniani, na Ukraine peke yake karibu nusu ya mafuta ya alizeti. Bandari za Odesa zilipofungwa bei ikaruka. Ila angalia kilichofuata, Indonesia ikazuia mawese yake kuuzwa nje kuanzia tarehe 28 Aprili mpaka 23 Mei 2022, India ikazuia ngano yake isitoke tarehe 13 Mei. Hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyokuwa vitani. Kila serikali ilikuwa inaogopa wananchi wake kukosa chakula, ikafunga mlango, na kufunga mlango kukawaongezea bei wengine wote. Kwahiyo kama unauza mafuta ya kula usikae unaangalia Ukraine, angalia Jakarta ya Indonesia na Kuala Lumpur ya Malaysia, wenye mawese.

Na kitu cha ajabu, bei ya ngano ya Chicago ilishuka mpaka karibu na ilipokuwa kabla ya vita mwanzoni mwa Julai 2022, hata kabla ya meli ya kwanza ya nafaka baada ya bandari kufunguliwa tena, Razoni, haijatoka Odesa tarehe 1 Agosti. Huku kwetu unga haukushuka hivo. Wenye viwanda walikuwa na ngano waliyonunua kwa bei ya juu, dola ilikuwa imepanda, frait iko juu. Ukiwa na bekari usipange kwamba bei ya dunia ikishuka leo unga unashuka kesho, hesabu miezi mitatu au minne, na muulize msagishaji wako anasaga ngano iliyofika lini, hilo swali moja linakwambia mengi kuliko taarifa ya habari.

Mbolea ndo mbaya zaidi kwa sababu inaumiza msimu unaofuata. Gesi ikipanda urea inapanda, Urusi na Belarus ni wauzaji wakubwa wa potashi, na China ilishaanza kubana mbolea yake isitoke tangu 2021. Tanzania mfuko wa kilo 50 wa DAP (mbolea ya kupandia) na wa urea (ya kukuzia) ulivuka 120,000 mpaka ruzuku iliyozinduliwa Nane Nane ya 2022 ikaushusha mpaka 70,000. Ukiwa wakala wa mbolea hapo kuna hatari ya aina nyingine kabisa, umejaza stoo kwa bei ya soko alafu serikali inatangaza ruzuku na wewe hujasajiliwa kwenye mfumo. Kipindi cha vita sajiliwa mapema kwenye kila mfumo wa ruzuku unaokuhusu hata kama bado haujaanza kulipa.

Dola

Vita vikubwa vinawafanya wenye hela duniani wakimbilie dola, na bei zikipanda Marekani benki kuu yao inapandisha riba na dola inazidi kuvutwa huko. Kuanzia Machi 2022 riba yao ilitoka karibu na sifuri mpaka asilimia 5.25 hadi 5.5 Julai 2023. Shilingi ya Kenya ilikuwa kama 113 kwa dola vita vya Ukraine vinaanza, Januari 2024 ilifika karibu 160, alafu mwaka huohuo ikarudi chini kidogo ya 130. Sio vita peke yake, kulikuwa na deni la eurobondi, yani mkopo wa serikali kwenye soko la nje, la kulipwa Juni 2024 na mambo mengine, ila vilichangia. Na huku Tanzania 2023 tatizo lilikuwa baya zaidi ya bei, dola yenyewe haipatikani, mtu ana shilingi kamili benki na anaambiwa asubiri.

Cha kufanya: usiagize kwa dola mzigo utakaouza kwa mkopo wa siku 90 kwa shilingi bila kuweka nafasi ya shilingi kushuka kwenye bei. Fupisha mkopo wa wateja, hata wale wazuri, waeleze. Kama una mteja wa Zambia au Congo anaelipa kwa dola mtunze, mpe yeye punguzo badala ya mteja wa shilingi, hizo dola ndo zitalipa kontena lijalo. Na wenye viwanda China wanaokubali yuani wapo wengi, uliza benki yako kama wanatuma moja kwa moja.

Siasa, ambako watu wengi hawaangalii

Mfano ulio karibu nasi ni chai ya Kenya. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, na biashara ya chai kwenda Port Sudan iliyumba ila iliendelea, Wasudani ni wanywaji wa chai kwelikweli. Februari 2025 kundi la RSF, linalopigana na jeshi la Sudan, likakutana Nairobi kusaini makubaliano ya serikali yao sambamba, na katikati ya Machi serikali ya Sudan ya upande wa jeshi ikapiga marufuku bidhaa zote za Kenya, chai ikiwemo. Mkutano mmoja wa kisiasa kwenye ukumbi wa Nairobi ukafanya kile ambacho mapigano ya karibu miaka miwili hayakufanya. Mkulima wa Kericho hakualikwa kwenye huo mkutano. Kama unauza nchi yenye vita fuatilia nchi yako inampokea nani, na usiruhusu mnunuzi mmoja wa huko awe zaidi ya robo ya mauzo yako.

Vikwazo navyo. Februari na Machi 2022 benki kadhaa za Urusi ziliondolewa kwenye SWIFT, mfumo wa mabenki kutumiana maagizo ya malipo, na akiba ya benki kuu yao ya karibu dola bilioni 300 ikagandishwa. Wewe huuzi Moscow, ila malipo ya dola karibu yote yanapitia benki za Marekani, na zikiona jina la meli au kampuni iliyoko kwenye orodha yao hela inasimama njiani, na kuitoa ni barua juu ya barua. Orodha ya vikwazo ya Marekani iko wazi mtandaoni na inatafutika kwa jina. Tafuta jina la muuzaji, wakurugenzi wake kama unawajua, na jina la meli, kabla ya kutuma, hasa kwa mbolea, mafuta, vyuma na ngano inayopita kwa mtu wa kati wa Dubai au Uturuki. Dakika kumi tu.

Wanaopeleka mzigo Goma na Bukavu mnajua upande mwingine wa hili. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 mabenki ya pale yalifungwa, na mteja mwaminifu kabisa akawa na hela kwenye akaunti ambayo haitoki. Kwa wateja wa namna hiyo mkopo unatakiwa uwe mdogo kiasi kwamba ukipotea wote bado unafungua duka Jumatatu, na malipo ya nusu yafike kabla lori halijavuka mpaka.

Na kuna fursa pia, tusiache kuisema. Ulaya ilipozuia makaa ya mawe ya Urusi Agosti 2022, wanunuzi walikuja mpaka Ruvuma, malori yakawa yanashuka na makaa zaidi ya kilomita 600 mpaka bandari ya Mtwara ambayo ilikuwa imelala, mji ukachangamka, nyumba za wageni zikajaa. Mwaka 2023 bei ya makaa ya dunia ikaanguka. Aliekodi malori alipata na akatoka salama, alienunua malori kwa mkopo wa miaka mitatu akitegemea ile bei alibaki na marejesho. Fursa ya vita ichukue kwa vifaa vya kukodi na mikataba mifupi, na faida ya miezi ya kwanza iweke pembeni kabisa.

Kujua lini ushtuke na lini utulie

Tarehe 13 Juni 2025 Israel ilianza kuipiga Iran. Brent ikatoka chini ya dola 70 ikagusa zaidi ya 80, mitandaoni kila mtu anasema Hormuz inafungwa, na pale kila siku yalikuwa yanapita mapipa ya mafuta kama milioni 20. Siku 12 baadae mapigano yakasimama na Brent ikarudi chini ya 70. Alienunua mafuta au mzigo kwa hofu wiki ile alinunua kileleni. Linganisha na Novemba 2023, meli moja tu ilitekwa, bei ya mafuta haikushtuka sana, na ndo shida iliyokaa miaka.

Kwahiyo kabla ya kutoa hela jiulize: kuna mlango bahari au bandari ambayo meli zimeacha kupita kweli, au ni vitisho tu? Bima wamepandisha au wamefuta? Kampuni za meli zimetangaza kubadili njia kwa maandishi? Kuna serikali imesaini zuio au vikwazo? Kama jibu ni hapana kwa yote na kilichopanda ni bei ya mafuta ya siku hiyo peke yake, tulia, agiza kiasi chako cha kawaida. Ikiwa ndio kwa mawili au zaidi, chukulia itakaa miezi sita angalau. Hapo ongeza stoku ya bidhaa zinazotoka haraka tu, ile ya wiki sita iwe ya wiki kumi, usiguse zinazotoka polepole manake hela yako itafungwa humo. Gawa oda kubwa ziwe mbili kwa meli tofauti. Panga bei kwa gharama ya kuagiza kontena lijalo, sio lile ulilouza, na wateja wako wa jumla waambie mapema kwamba bei inapanda tarehe fulani, wapate nafasi ya kununua kabla, huo ni uungwana na unakuletea hela taslimu wakati unaihitaji.

Vita vikiisha usikimbilie

Makubaliano ya kusimamisha vita Gaza ya Januari 2025 yalipotangazwa, watu wakategemea frait ishuke na meli zirudi Suez wiki ileile. Kampuni kubwa zilibaki Rasi ya Tumaini Jema, na zilikuwa sahihi, Julai mwaka huohuo meli mbili, Magic Seas na Eternity C, zilizamishwa ndani ya wiki moja. Wazee wetu walioishi vita vya Kagera wanajua, Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mikanda na hali ngumu ikaenda mpaka miaka ya themanini.

Angalia mambo mawili, bima ya vita ishuke na ikae chini, na kampuni zaidi ya moja irudishe ratiba yake ya kudumu, sio meli moja ya majaribio. Ukiona hayo anza kupunguza stoku yako ya gharama ya juu, uza hata kwa faida ndogo, manake jirani yako ataingiza kontena la bei mpya ndani ya miezi miwili na atakushusha. Na mkataba wa frait utakaosaini kipindi hicho usaini wa miezi mitatu, uandikwe kwamba nyongeza ya vita ikifutwa na kampuni ya meli inafutwa na kwenye invoisi yako kuanzia tarehe hiyohiyo.